Kifua cha Fundi Makochi

Inatangazwa kwa wanaume wote wenye mbavu za kuhesabika, popote walipo, wavue kofia na wasimame wima: kifua kipana kuliko vyote mtaani kimepatikana. Hakikuletwa na vyuma, wala mayai mabichi, wala unga wa makopo. Kilipatikana mezani, kwa chaki, rula na kisu kirefu. Mwenye kifua ni fundi makochi. Mabega yake yanaziba mlango. Kifua chenyewe hutangulia kuingia mahali, naye fundi hufuata baadaye kidogo, kama msaidizi wa mheshimiwa. Watoto wanamwita Kifua, wakubwa wanamwita Kifua, na kinyozi wa jirani, ambaye hamsifu mtu bila kulipwa, amewahi kumsifu bure.

Kabla ya utukufu huo aliitwa Fito.

Hakuna aliyemwita Fito kwa ubaya. Alikuwa mwembamba, basi, kama baba yake na babu yake. Ukoo mzima ungefungwa kwa kamba moja ukawa mzigo wa kuni. Fito alikuwa na karakana yake mbele ya nyumba: yeye akiunda fremu, akikaza springi na kukata sponji, mkewe akishona maforonya upande wa pili, na kelele za cherehani na nyundo zikijibizana mchana kutwa. Makochi yao yalisifika. Mtu akikaa alisahau alichokuja kukisema. Fito aliridhika na mbavu zake kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia ana haki ya kutoridhika.

Aliyemwambia ni shemeji yake, kaka wa mkewe, siku ya kabati.

Shemeji alikuwa na tumbo la kutosha watu wawili na sauti ya kutosha wanne. Siku hiyo alikuwa akimhamisha mama yake, yaani mama mkwe wa Fito, kumleta kwenye nyumba aliyopanga mwisho wa mtaa, kule chini karibu na mfereji. Kulikuwa na kabati la milango mitatu. Fito akakunja mikono ya shati, akashika pembe moja. Shemeji akamtazama toka bega moja mpaka la pili, safari ambayo haikuchukua muda.

"Shemeji, acha. Wewe beba hizo henga za nguo."

"Naweza," akasema Fito.

"Najua unaweza. Beba henga. Jamani, hapo nje hakuna mwanaume atusaidie?"

Watu wakacheka, kicheko cha kawaida, cha watu wanaohama. Mama mkwe akageuza uso akakohoa, na Fito hajui hata leo kama kile kilikuwa kikohozi. Akabeba henga. Kila hatua zilikuwa zikigongana kwanja, kwanja, kwanja, na njia nzima akaona kama anatangazwa.

Jioni akafungua simu kutafuta namna ya kunenepa. Sasa simu nayo ina umbea wake: ukiitazama video moja ya kifua, inakuletea vifua mpaka unaota. Akakutana na jamaa mmoja anayejipaka mafuta na kufoka asubuhi na mapema, mishipa imemtoka kama mizizi, akisema, "Mwanaume asiye na kifua ni mlango usio na komeo. Yeyote anaingia." Fito akatazama mlango wake. Akamtazama mkewe aliyelala. Usingizi ukamkimbia.

Tangu hapo akawa anaviona kila mahali. Kwa kinyozi, ukutani, vijana wenye shingo nene kuliko vichwa. Kwenye tangazo la bima, baba mwenye mabega amembeba mtoto. Hata sabuni ya vyombo ilikuwa inatangazwa na mtu aliyevua shati, ingawa Fito hakuelewa sahani imemkosea nini. Akaanza kupiga pushapu katikati ya fremu. Akanunua kopo la unga lenye picha ya mtu anayekasirika. Unga ule haukumpa kifua. Ulimpa mbio, tena za upande mmoja tu, wa chooni.

Halafu siku moja alikuwa akinyoa sponji ya mkono wa kochi. Kipande kilichobaki akakiweka begani ili mkono upate nafasi. Kwenye karakana kulikuwa na meza ya kujipambia iliyoletwa kutengenezwa mguu, na meza ile ilikuwa na kioo. Fito akajiona.

Mkewe naye akamwona, akacheka mpaka akazima cherehani. Fito hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anatazama lile bega kama mtu anayemtazama ndugu aliyepotea zamani.

"Nishonee kizibao," akasema.

"Cha nini?"

"Nishonee tu."

Mkewe akamshonea akidhani ni mzaha wa siku mbili. Lakini Fito alikuwa fundi, na fundi hafanyi mzaha na sponji. Kifuani aliweka ile nzito, isiyobonyea hata akikaliwa na mtu mnene. Mabegani ile laini, inayofuata mwendo. Kingo akazinyoa zikawa nyembamba kama jani ili zisionekane chini ya shati. Na hakujivika vyote siku moja. Alijiongeza kidogo kidogo, mwezi hata mwezi, kama mtu anayefanya mazoezi kweli, na mwezi alioumwa malaria akajipunguza. Nyuma kizibao kilifungwa kwa zipu, kama foronya ya mto wa kochi. Peke yake asingeifikia. Kila asubuhi alimgeuzia mkewe mgongo, zipu ikapanda, na Kifua akazaliwa upya.

Heshima ikaja mbio. Hofu ikaja mbio zaidi.

Watu hawajui mtu mwenye sponji anaishi vipi. Alianza kuogopa salamu. Kuna watu wa kukumbatia na kuna watu wa kupiga mgongoni, na hujui yupi ni yupi mpaka amekufikia. Basi Fito akawa haendi mahali bila nyundo mkononi na misumari mdomoni, maana mtu mwenye misumari mdomoni hakumbatiwi. Akaogopa jua, kwa sababu ndani ya kizibao alichemka kama kiazi, na jioni mgongo ulikuwa umetoka vipele ambavyo mkewe alivipaka dawa. Akaogopa wavuta sigara. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaonya wateja jinsi sponji inavyoshika moto. Sasa akimwona mtu na kiberiti aliona mazishi yake, na waombolezaji wakiulizana harufu ya plastiki inatoka wapi. Akaogopa hospitali. Kikohozi kikimshika alikimeza, asije akaambiwa, "Vua shati tupime kifua." Kipi, daktari?

Kuliko vyote aliogopa kuombwa nguvu. Mlevi mmoja alileta fujo dukani, watu wote wakageuka kumtazama Kifua. Mlevi naye akageuka, akaona, akaomba radhi na kuondoka zake. Watu wakashangilia. Fito akarudi karakana akaketi kwenye kochi la mteja, magoti yanagongana kama zile henga.

"Siku moja hatageuka," mkewe akamwambia.

"Najua."

"Basi vua hivi vitu. Waambie umeacha mazoezi. Watu wanaacha."

"Nitapungua taratibu," akasema Fito. Wakati huohuo moyoni alikuwa akipanga kuongeza mikono.

Siku hiyo ikaja mchana, na haikuja na mlevi. Ilikuja na mvua.

Ilinyesha mvua ya kutosikia mwenzako anasema nini. Mfereji wa mwisho wa mtaa, ambao kazi yake ya miaka yote ilikuwa kubeba chupa za plastiki, ukajaa, ukapasuka ukingo, na maji yakaingia njiani kana kwamba yana miadi. Fito alikuwa anafunika vitambaa aliposikia watu wanapanda mbio wakiita.

"Kifua! Kifua yuko wapi? Mama amebaki ndani!"

Fito akaangusha vitambaa. Alijua ni mama yupi.

Walipofika kule chini, yeye na mkewe, njia ilikuwa imegeuka mto wa rangi ya chai. Upande wa juu, kwenye kibaraza, walikuwa wamejazana majirani. Shemeji alikuwa miongoni mwao, amelowa mpaka kifuani, na kichwani amebeba televisheni.

"Nilidhani nitarudi kumchukua," akasema Shemeji. "Nilitoa hii kwanza. Maji yakapanda hivi hivi, shemeji, naapa. Magoti yake hayatembei. Nimejaribu kurudi, maji yameniangusha."

Ng'ambo, kupitia dirisha, mama mkwe alionekana ameketi juu ya meza ya kulia, mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Maji yalikuwa yameshafika ubao wa meza.

Watu wote wakageuka kumtazama Kifua. Hakuna aliyesema neno. Mabega yalikuwa yameshasema.

Fito alikuwa amekuja na mzigo wa mkanda wa makochi, ule mpana unaofumwa chini ya kiti kuzuia makalio ya watu yasifike sakafuni. Akawapa wanaume ncha moja washike. Mkewe akamfunga ncha ya pili kiunoni, na alipokuwa akikaza fundo akamnong'oneza, kinywa sikioni.

"Vua."

"Mbele ya watu wote?"

"Ni sponji, mume wangu. Itakunywa maji. Wewe ndiye unayejua."

Alijua. Hakuna mtu katika mtaa ule, na pengine mitaa mingi, aliyejua vizuri kuliko yeye kipande cha sponji kinabeba maji kiasi gani. Aliwahi kumkatalia mteja kochi la kuweka nje ya nyumba kwa sababu hiyohiyo. Lakini macho yote yale yalikuwa juu yake, na Shemeji na televisheni yake, na ile sauti ya henga ikaanza tena masikioni.

"Nakwenda na kurudi tu," akasema.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayeyaingia amevaa kochi.

Mwanzoni sponji ilimwinua. Alielea kidogo, akajiona kweli ana nguvu, na watu wakapiga kelele za kumtia moyo. Halafu ikaanza kunywa. Aliisikia ikinywa, baridi ikipanda kutoka tumboni hadi kwapani, na kila hatua ilikuwa nzito kuliko iliyopita. Alipofika mlangoni alikuwa anahema kama aliyepanda mlima na gunia.

"Karibu, mwanangu," akasema mama mkwe juu ya meza. "Samahani, sina pa kukukaribisha."

"Panda mgongoni, mama."

"Aibu hii."

"Panda, mama. Meza inaelea."

Kweli ilikuwa imeanza kucheza. Kikongwe akaweka mkoba shingoni, akapanda, akamshika mabega kwa mikono miwili. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Fito aliona haya ya kubebana na mkwe na hofu ya kufa vikisukumana mlangoni, na hofu ikapita kwanza.

Walikuwa katikati ya njia mkondo ulipowapiga ubavuni. Fito akayumba. Mama mkwe akakaza vidole, na vidole vikazama. Maji yakatoka kwenye bega la mkwe wake kama kwenye kitambaa cha kuoshea vyombo.

"Mwanangu," akasema, "unavuja."

"Shikilia, mama."

"Nashikilia. Bega linakwenda."

Lilikuwa linakwenda kweli. Bega la kulia lilikuwa limeshuka hadi kwenye kiwiko, na kikongwe anateremka nalo, mguu wake mmoja umeshachukuliwa na maji. Alikuwa ameshika sponji. Hakuwa amemshika yeye popote. Fito alihisi uzito wake ukimtoka mgongoni, na hofu ya miaka yote, ya salamu na ya sigara na ya daktari, ikawa ndogo kama punje mbele ya hii.

"Liache!" akasema. "Acha bega! Shika shingo!"

"Niache bega?"

"Siyo langu, mama. Mabega siyo yangu. Shika shingo."

Mkono uliokauka kwa uzee ukamzunguka shingo ukamkaba.

"Na kifua?"

"Nacho siyo changu."

"Sasa chako ni kipi, nijue?"

"Shingo. Na miguu."

Lakini miguu nayo ilikuwa inamaliza. Kifua kile, kifua cha sponji nzito, kilikuwa kimeshiba na kinamvuta kifudifudi. Ule msemo wa maji kufika shingoni alikuwa akiutumia akidaiwa kodi. Sasa yalikuwa yamefika pale pale, na alipofungua mdomo yakaingia, yana ladha ya udongo na mafuta ya taa. Wale wa kibarazani walikuwa wanavuta mkanda, lakini walikuwa wakivuta watu wawili na kochi moja, na kochi lilikuwa linashinda. Akapiga goti. Kichwa kikazama, kikaibuka.

"Mama, kuna zipu," akasema, anatema maji. "Mgongoni. Mimi siifikii."

Mama mkwe hakuuliza zipu ya nini. Watu wa umri wake wameona mengi. Akalishika shati kwenye ukosi, akalipasua kwa meno na mkono mmoja, akapapasa. Zipu ilikuwa imeshika kutu ya jasho la miaka. Akaivuta, ikagoma. Akaivuta tena, huku anaisemesha kwa ukali kama anayemfokea mbuzi. Ikateremka yote.

Kizibao kikafunguka, maji yakamvua mkono mmoja mmoja, na mbele ya mtaa mzima kifua cha Kifua kikamtoka, kikageuka chali, kikaondoka zake na mkondo. Bega la kulia likakifuata. La kushoto likazunguka kidogo mahali pale, kama lina la kusema, halafu nalo likaenda.

Fito akasimama. Ghafla alikuwa mwepesi hata akataka kuanguka. Mkanda ukakaza kiunoni, wakavutwa, na baadaye kidogo akahisi saruji ya kibaraza chini ya magoti, na mikono ya watu inampokea kikongwe, na mkewe anamshika uso kwa viganja viwili, analia bila sauti.

Mvua ilikuwa inapungua. Fito akabaki amepiga magoti pale mbele ya majirani, mbavu zote nje, mgongo una vipele kuanzia juu mpaka chini, anatetemeka. Alisubiri kicheko. Alikuwa amekisubiri muda mrefu kiasi kwamba alishajua kitasikikaje. Kinyozi alikuwa mdomo wazi. Mtu mmoja alikuwa ameinua simu, anarekodi. Mama mkwe, amefunikwa blanketi, akamtazama.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu siku ya kabati, mama."

Kikongwe akamgeukia mwanawe. Alimtazama, kisha akaitazama televisheni iliyowekwa vizuri kwenye kiti, imefutwa na kufunikwa taulo, taulo pekee kavu lililokuwepo pale.

Shemeji akatazama pembeni. Halafu akaiona simu inayorekodi, na kama ilivyo kwa watu wengi wa sauti, akaona jukwaa. Akajiweka sawa. Akavuta tumbo ndani. Akamwekea Fito mkono begani, begani hasa, kwenye mfupa, na sauti ikamtoka nzito kama ya yule jamaa wa video anayefoka asubuhi.

"Ndugu watazamaji," akasema, "leo nimejifunza. Mwanaume si kifua. Mwanaume si mabega. Huyu mnayemwona hapa, mwembamba hivi, ana kifua kikubwa kuliko sisi sote, na kifua hicho kiko ndani. Kiko moyoni. Shemeji, waambie wanaume wenzako wanaokutazama. Neno moja tu. Waambie mwanaume ni nini."

Simu ikasogezwa karibu. Kibaraza kizima kikasogea, hata mvua ikawa kama inasikiliza.

Fito akafuta pua kwa kiganja.

"Nasikia baridi, shemeji. Nipe hilo taulo."